Kwa Sekela, Anayekwenda Kupima Ndama

Columbus, Jumamosi jioni

Sekela mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako amejilaza kidogo kwa sababu kesho ndiye atakayeendesha gari hadi Buffalo, nami nimekaa hapa mezani jikoni na hili jua la Agosti ambalo halitaki kushuka. Nataka niandike kabla hujarudi. Kwenye gari sitaweza. Najijua: kwenye gari nitazungumzia soksi.

Basi soksi tuziache. Makoti, chumvi ya kumwaga mlangoni wakati wa theluji, matairi, kadi ya bima, hayo yote baba yako ameshakuhubiria mpaka ukamwomba akutungie mtihani. Mimi nataka kukuandikia juu ya woga wangu, kwa sababu naona unaondoka nao ndani ya mizigo yako bila kujua, na juu ya ule unga.

Kwanza nikubali lile ambalo wewe na baba yako mnanicheka kila siku. Mimi ni mtu wa kushuku. Jirani yetu wa mtaa wa Gahanna alipotuletea keki siku tuliyohamia, ninyi ndio mlionishika mkono nisiirudishe. Nikipigiwa simu na benki nakata, natafuta namba mwenyewe, napiga upya. Hata kuhusu chumba chako cha Amherst, pembeni mwa Buffalo, kwa Mama Husna, Mtanzania mwenzetu, mtu wa msikitini na mwenye watoto wake, nilimhoji mpaka akachoka. Nilimuuliza kama kuna anayevuta sigara, kama mlango wako una komeo, nani hubaki nyumbani mchana. Akaniambia, "Dada, unaniletea binti au unanikabidhi benki?" Nikacheka naye. Nilipokata simu nikajiuliza kwa nini ametaja benki.

Labda ni umri. Nilikuzaa nikiwa bado msichana wa chuo. Ofisini wanaoiona picha yako hudhani wewe ni mdogo wangu, na kuna siku nami nadhani hivyo. Mzazi aliyekomaa angekuambia haya kwa utulivu. Mimi nimekua huku nakulea, na wakati wote nilikuwa naogopa kwamba kuna mtu atakuja kugundua kuwa sijui ninachofanya. Mtu wa namna hiyo hujifunza kuangalia mikono ya watu wengine. Wa kwake hauangalii.

Kuna jambo nililifanya Jumatatu, nawe hujui. Nilimpigia Bi Donna, mwenye shamba unakokwenda kufanya kazi. Nilitumia sauti yangu ya ofisini, ile unayoiigiza mezani. Nikamwambia nauliza mambo machache kuhusu ufugaji wa ndama. Ndama wake hupata dang'a, yale maziwa ya kwanza, mapema kiasi gani baada ya kuzaliwa? Akanijibu bila kusita: kabla mama yake hajamaliza kumlamba. Ndama akihara hupewa nini kwanza? Maji yenye chumvi na sukari, akasema, halafu anamwita daktari wa mifugo, hangoji. Majibu yote mazuri. Ningeishia hapo. Lakini nikamuuliza pia kama taa za banda zinafanya kazi, mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje, na nani huwepo alfajiri.

Nikamsikia anacheka polepole, kicheko cha mtu mwenye kifua kibovu.

"Wewe ni mama yake Sekela."

"Hapana," nikasema.

"Haya. Ukimwona mama yake, mwambie taa zipo kila mahali, na alfajiri nipo mimi mwenyewe na mbwa wangu. Na mwambie nami nina binti."

Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi, mpaka chakula cha mchana. Kisha nikaanza: huyo binti yake yuko wapi, mbona asimlelee mama yake hao ndama? Unaona jinsi ilivyo. Hata mtu akinipa jibu jema, nalishika na kuligeuza nikitafuta mshono.

Sasa unga, huu ambao ofisi yetu inauuza. Unaujua kwa harufu tangu ukiwa mdogo. Ulikuwa unakataa kunikumbatia nikitoka kazini, ukisema nanuka piza. Ndani yake mna kitunguu saumu, mdalasini, uwatu, na mafuta ya yale majani wanayonyunyizia piza. Mfugaji huchanganya kidogo kwenye maziwa ya ndama mchanga. Matumaini ni kwamba tumbo la ndama litatulia, hatahara sana, atakula na kukua vizuri, na mfugaji hatakimbilia antibiotiki kila ndama akikohoa. Si matumaini mabaya. Mimi niliyesomea mifugo nyumbani, kabla ya bahati nasibu ya viza kutuleta huku kuwa karani, nayapenda. Nilikulia Tukuyu, mahali ambapo ndama mgonjwa ni msiba wa nyumba nzima. Ningependa sana iwe kweli kwamba kitu kinachoota ardhini kinaweza kumsaidia.

Lakini mimi ndiye ninayepokea simu. Wapo wanaopiga kushukuru: ndama wamechangamka, wanang'aa manyoya. Wapo wanaopiga kusema hawaoni tofauti yoyote. Nimefundishwa nini cha kufanya na kila mmoja. Wa kwanza namwomba ruhusa tuyatumie maneno yake. Wa pili namwambia tutampigia. Kwa hiyo ukiingia ofisini kwetu na kusoma ukutani, utadhani wafugaji wote wa nchi hii wanalia kwa furaha.

Sikuambii unga ni uongo. Sijui. Ndicho kinachonitisha, kwamba nimenuka huo unga miaka yote hii na sijui. Na shamba la Bi Donna ni mara ya kwanza watu wetu wamekubali ufanyike upimaji wa haki: nusu ya ndama wapewe, nusu wasipewe, wote wale na kulala sawa, na mtu mmoja awapime wote mpaka waachishwe maziwa. Mtu huyo ni wewe.

Nilipoambiwa, nilimshukuru Bwana Craig kupita kiasi. Unamjua bosi wangu. Ni mpole, anashika mlango, anauliza habari za goti la baba yako. Alisimama mezani kwangu mwezi wa tano, akaiangalia ile picha yako ukiwa umemkumbatia ndama kule Louisville, akasema, "Binti yako anapenda ndama? Kuna shamba Buffalo linatafuta mtu." Ni hivyo tu. Nilifurahi kutoka pale mezani hadi kituo cha basi. Kwenye basi furaha ikakatika. Mbona wewe? Pale karibu na chuo kikuu wamejaa vijana wanaosomea mifugo, wa kwetu na wa kila nchi, wanapanga chumba kimoja wanne wanne na kutafuta kazi kama hiyo. Wewe umemaliza sekondari juzi. Nilitafuta jibu, nikapata moja tu: hao hawana mama anayeketi meza ya mbele ya ofisi yetu.

Nikamwambia baba yako. Akasema, "Mama Sekela, siku moja utamshuku mchungaji kwa kukubariki." Nikamwambia nilishamshuku. Akageukia ukuta akalala.

Wewe ulipoona uso wangu ukanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yako ukikasirika. Ulisema siamini kwamba mtu anaweza kukuchagua kwa sababu unafaa. Sekela, nilikusikia. Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Unafaa. Nitakuambia nimejuaje, na si kwa sababu mimi ni mama yako.

Unamkumbuka Baba Riziki. Mkongo wa Uvira, tulikuwa tunakaa naye jengo moja Louisville, na kila baada ya ibada alikuwa anataka kutupeleka shamba alikofanya kazi, nje kidogo ya mji, tukaone ndama wake. Hawakuwa wake, walikuwa wa mzungu, lakini yeye aliwaita watoto wake na kila mmoja alikuwa na jina. Wakati ule nilikuwa nimeajiriwa karibuni, karani kwenye duka la vyakula vya mifugo, na duka lile liliuza unga unaofanana na huu. Nikampelekea Baba Riziki kidogo ajaribu. Nilitaka kumfurahisha. Nilitaka pia, nadhani, ajue kwamba nami ni mtu, kwamba nimesoma, kwamba sikuja Amerika kujibu simu tu.

Siku ile ya kupima ulikuwa bado una pengo mbele. Mke wake alikuwa ametupikia sombe, kisamvu chao, na samaki, tukala mpaka tukashindwa kuinama, akatufungia na ya kubeba. Kisha Baba Riziki akatupeleka bandani, akatangulia mbele kama mtu anayefungua harusi.

"Bon, Mama Sekela, leo utaona batoto yangu. Wanakula kama waaskari!"

Nikatoa utepe. Unajua unavyotumika, nimekufundisha tena wiki hii: unauzungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, na pale unapokutana ndipo unaposoma uzito. Ukikaza, ndama amepungua. Ukiacha kidole kimoja kipite, ndama amenona. Mimi nilishika, wewe ukasoma. Na ndama wale, mwanangu, walikuwa wa kawaida. Niliona kabla ya kuwazungushia utepe. Lakini Baba Riziki alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia, mkewe yuko nyuma yake anatabasamu, na sombe yao bado ninayo kooni. Unaketije kwa mtu, ule chakula chake, ubebe na kingine, halafu umwambie mbele ya mke wake kwamba ndama wake hawajaongezeka kitu? Mkono wangu ulikuwa na adabu. Ulilegea wenyewe.

Wewe ukaingiza kidole chako chini ya utepe, ukasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, kwamba utepe umelegea na kidole kinapita.

"Mutoto anasema nini?" akauliza Baba Riziki.

"Anasema ndama wako wamependeza."

"Eh! Huyu mutoto iko na macho! Soma tena, mama, soma kwa nguvu!"

Ukaniangalia. Nakumbuka jinsi ulivyoniangalia. Halafu ukasoma kwa nguvu, namba ile ile ya uongo, ndama mmoja baada ya mwingine, nawe hukuingiza kidole tena. Njiani kurudi ulilala, au ulijifanya umelala.

Yaliyofuata uliyaona kwa mbali tu. Baba Riziki alimtangazia mwenye shamba kwamba ndama wake wanakua kuliko ndama wote wa pale. Mwenye shamba naye akawatangazia wenzake. Na Baba Riziki kwa furaha akaanza kumwaga unga kwa viganja. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Baba Riziki, labda upunguze." Akacheka. "Hii ni majani tu, Mama Sekela. Sombe inauaka nani?" Nikacheka naye. Ni mtu mzima kwangu, alikuwa mwenyeji wangu, na ni kweli kwetu sote dawa ya majani huchotwa kwa kukadiria, kama chumvi. Nilijua kwamba kitu chenye nguvu ya kufaa kina nguvu ya kudhuru, nilifundishwa darasani. Sikusema mara ya pili. Ndama wakaanza kuchukia ndoo. Maziwa yalikuwa makali. Walipopelekwa kuuzwa, wakapandishwa kwenye mizani ya kweli, na mizani haina mke aliyepika. Mwenye shamba akaona amedanganywa. Baba Riziki akaondolewa kwa ndama. Akaenda kupanga maboksi ghalani.

Alipokuja kutuambia alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Alisema, "Yule muzungu alichezea mizani." Nami nikasema, "Inawezekana."

Inawezekana! Na Sekela, niliamini. Nilimshuku mwenye shamba, nikaishuku mizani, nikawashuku madalali wa mnadani, nikashuku hata maji waliyonywa ndama njiani. Nilikuwa hodari. Nilikuwa na sababu kumi za kumshuku kila aliyekuwepo. Kushuku kuliniweka mbali sana na kidole chako.

Wiki hii nilimpigia Baba Riziki. Huwa tunasalimiana sikukuu tu, kwa hiyo akadhani kuna msiba. Nikamwambia habari ya utepe. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika hadi maneno ya kuanzia. Nikasikia televisheni yao, watoto wanabishana kwa Kiingereza.

"Mama Sekela," akasema, "miye nilijua. Ule mutoto alisema Kingereza, lakini kidole yake niliiona. Bon. Na miye nilitaka ikuwe kweli."

Tulikuwa watu wazima watatu bandani, na wote watatu tulitaka iwe kweli. Mtoto peke yake ndiye aliyesema alichokiona, na tukamfundisha kunyamaza. Ndiyo maana nasema unafaa. Bwana Craig hajui hilo. Alikuchagua kwa sababu nyingine, au hata hakuwa na sababu. Lakini mimi najua kilichokuwa ndani yako kabla sijakigusa.

Sasa sikiliza kidogo mambo ya kazi, kisha nitakuambia la Alhamisi.

Hutaweza kujificha usijue ni ndama yupi amepewa unga. Pumzi yake itakuambia. Ukimwinamia umzungushie utepe, atakupumulia kitunguu saumu usoni, na mkono wako utakuwa umeshajua kabla ya wewe kufikiri. Kwa hiyo usiuamini. Mwombe Bi Donna mizani ya kweli. Kama hana, basi wewe shika utepe huku umeangalia pembeni, na mtu mwingine asome. Pima asubuhi, kabla ndama hajanywa, kila mara. Atakayechanganya maziwa asiwe wewe. Na kinyesi, samahani lakini ndiyo kazi, kitazame kwa wote kwa jicho lile lile. Mtu anayetaka habari njema huona uji ni mgumu. Ndama akidhoofika usimwongezee unga ukingoja muujiza. Mpe maji, mpashe joto, mwite daktari. Unga si daktari.

Pia usiwe mkali kwa unga kwa sababu yangu. Naogopa hilo pia. Unaweza kuisoma barua hii ukaenda kule na nia ya kuuangusha, na utepe unakazwa kwa hasira sawasawa na unavyolegezwa kwa mapenzi. Kama wale wa kitunguu saumu watakua kuliko wenzao, sema hivyo, nami nitafurahi sana, Mungu anajua.

Na Bi Donna atakupikia. Watu wa shamba hupika. Kula, shukuru, osha vyombo. Asubuhi yake pima kama mtu ambaye hajala.

Alhamisi Bwana Craig alikuja mezani kwangu na kahawa mbili, moja yangu. Akaketi kwenye kona ya meza. Akasema mwakani ofisi itapangwa upya, kuna watu watahama, wengine bado haijajulikana. Alisema tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Akauliza goti la baba yako lini litafanyiwa upasuaji. Nikamwambia tunangoja bima yangu ijibu. Akatikisa kichwa kwa huruma, naamini ya kweli. Kisha akasema, "Sekela akishafika, akuambie anavyoona ndama. Si rasmi. Tujue mapema tu, kabla hajamwandikia mtu yeyote. Ni vizuri kuwa na mtu wetu kule."

Nikasema, "Sawa."

Nilisema upesi, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Nimelibeba hilo neno lake siku mbili, "mtu wetu". Labda hana ubaya. Bosi yeyote angetaka kujua mapema. Labda habari ya ofisi kupangwa upya na habari ya ndama zilikutana tu kwenye kahawa moja. Ijumaa nilikwenda hadi mlangoni kwake kumwambia kwamba haifai, kwamba upimaji ni wa Bi Donna na daktari na si wa jikoni kwetu. Aliinua kichwa akatabasamu. Nikamuuliza kuhusu mzigo wa Kentucky. Nikarudi kukaa.

Ndivyo nilivyo, mwanangu. Sikujificha kwako mahali popote kwenye barua hii, na hapa sijifichi. Nategemewa na nyumba hii, kazi hii ndiyo bima yetu, na mtu akinitabasamia mlangoni nasahau nilichokuja kusema.

Kwa hiyo nimejaribu kuwaza itakavyokuwa. Itakuwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Utanipigia jioni umechoka, mikono inanuka maziwa, utasema, "Mama, sioni tofauti." Au mbaya zaidi, utasema wale wa unga wanakunywa kidogo kuliko wenzao. Nami sitakuambia udanganye. Sijawahi kukuambia hivyo maishani. Nitakuuliza tu kama una hakika. Nitakuuliza kama ulipima kabla hawajanywa. Nitasema, subiri Jumatatu, huenda ni baridi, usimsumbue daktari kwa jambo dogo. Nitasema kwa upole sana. Utanisikia nikimfikiria baba yako na goti lake, nawe ni mtoto mwema, na utasubiri Jumatatu kwa ajili yangu. Na Jumatatu utapima tena, ukitaka iwe kweli.

Nimewashuku watu wengi katika barua hii, na wengi wao pengine hawana kosa. Lakini kwa habari ya hao ndama, mtu wa hatari zaidi kwako si Bwana Craig wala Bi Donna. Ni mimi.

Basi nakuomba hivi. Nipigie kila siku. Niambie ulichokula, Mama Husna amesema nini, theluji imefika wapi, kama kuna kijana kanisani anayekuangalia. Nitamshuku, lakini niambie. Habari ya ndama usiniambie. Ukishapima, mpe Bi Donna, mpe daktari, siku hiyo hiyo, kwa jina lako. Ikishatoka mikononi mwako na haiwezi kurudishwa, hapo ndipo unipigie, na mimi niwe wa mwisho kujua. Bwana Craig akiniuliza, nitamwambia sijui, na kwa mara ya kwanza litakuwa jibu ninaloweza kulitoa bila kutetemeka, kwa sababu litakuwa kweli.

Na najua nitakuuliza. Sitaweza kujizuia. Nitaanza kwa utani: "Watoto wako wanaendeleaje?" Nitauliza kama mama, na nitakuwa nauliza kama karani. Ukisikia hivyo, usinieleze, usinionee huruma, usibadilishe habari kwa adabu. Kata simu. Nikipiga tena na kuuliza tena, kata tena. Nitakasirika, nitamlalamikia baba yako kwamba Amerika imekuharibu. Wewe kata tu, Sekela, kisha kapime ndama wako.

Namsikia baba yako ameamka, anatafuta miwani. Nitaikunja hii niitie kwenye mfuko wa koti lako zito, lile ambalo hutalivaa mpaka baridi ianze. Kukupa mkononi kesho sitaweza, nawe sasa unajua kwa nini.

Mimi mama yako